Somo: Nyuzi mpya za gitaa la besi hazikai kwenye daraja? Weka drili chini kwanza

Habari za jioni wadau. Wiki iliyopita nililetewa besi tatu hapa Mwanjelwa, na wenyewe wote watatu waliniambia kitu kimoja: "Fundi, daraja limekufa." Hakuna daraja lililokuwa limekufa. Ya kwanza ilivalishwa nyuzi fupi. Ya pili uzi mnene uligoma kupita tundu. Ya tatu uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, ulikuwa unachomoka pembeni mwa shingo kila mpigaji akiubonyeza kwa nguvu. Kijana wa hiyo ya pili alikuja na drili mkononi kabisa, ameazima kwa fundi seremala.

Huku kwetu seti nzuri ya nyuzi mara nyingi ni ya kuagiza. Unapiga simu Kariakoo, mtu anaweka kwenye basi, kesho yake unaenda stendi kuchukua mzigo. Ukiagiza kipimo kisicho chako imekula kwako, na Jumapili kwaya inasimama bila besi. Ndiyo maana naandika.

Tuelewane maneno kwanza. Daraja ni lile bati la chuma mwilini ambako nyuzi zinaanzia. Vitandiko ni vile vipande vidogo juu yake, kila kimoja kinabeba uzi wake. Kigololi ni ile pete ya shaba mwisho wa uzi. Kizingiti ni kile kipande chenye mifereji juu kabisa ya shingo. Wengi wanakiita nati, lakini nati kwangu ni ya bolti, tusichanganyane. Masikio ni vile vya kukazia. Freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo, vinahesabiwa kuanzia kwenye kizingiti.

Hatua ya kwanza: pima gitaa lako kabla ya kununua chochote

Chukua futi ya fundi cherehani au rula ndefu. Pima kutoka kizingiti hadi freti ya 12, kisha zidisha kwa mbili. Ukipata milimita 432 hadi freti ya 12, jumla yake 864, hiyo ni besi ya inchi 34, kipimo ambacho Leo Fender alikitumia kwenye Precision Bass ya mwaka 1951 na watengenezaji wengi wakakifuata hadi leo. Ukipata 406, ni ya inchi 32. Ukipata 381, ni fupi, ya inchi 30. Nyuzi huuzwa kwa majina ya vipimo hivyo.

Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapoliwa. Pima na umbali wa pili: kutoka pale kigololi kinapokaa hadi kwenye kizingiti. Madaraja hayafanani. Mengine kigololi kinakaa sentimita chache tu nyuma ya kitandiko, mengine uzi unaingilia mgongoni mwa gitaa na kupenya mwili mzima, kwa hiyo unakula urefu zaidi. Unene kamili wa uzi lazima uvuke kizingiti, na ule mwembamba uanze kabla ya kufika kwenye sikio. Unene ukiishia juu ya freti, uzi hautalia sawa hata umlete malaika. Unene ukifika hadi kwenye sikio, uzi hautaingia vizuri kwenye tundu lake, na ukiulazimisha unavunjika.

Kipimo cha tatu ni unene wenyewe. Namba za kwenye pakiti, 45, 65, 85, 105, ni sehemu za elfu za inchi. Hiyo 105 ni karibu milimita 2.7. Besi ya nyuzi tano huwa na uzi wa chini wa 125 au 130, na 130 ni milimita 3.3. Ukitoka seti nyembamba kwenda nene, angalia mambo mawili: tundu la daraja na mfereji wa kizingiti. Uzi ukikaa juu ya mfereji badala ya kuzama, daraja halina kosa lolote.

Hatua ya pili: uzi haupiti tundu

Washa tochi ya simu, chungulia. Yule kijana mwenye drili, tundu lake la E, ule uzi mnene, lilikuwa na kigololi cha uzi wa zamani uliokatikia ndani, kimekaa humo na kutu yake. Nilikisukuma na msumari mwembamba kikadondoka mezani, uzi mpya ukapita kama kawaida. Alirudisha drili kwa wenyewe bila kuichomeka umeme.

Kama kweli tundu ni dogo, toa daraja kwenye mwili. Narudia: litoe. Miaka ya nyuma nilitoboa daraja likiwa bado limefungwa, kwenye besi ya kanisa, drili ikateleza na kuchora mwili mstari mrefu. Mwalimu wa kwaya hakunigombeza, alinyamaza tu, na ule mstari bado upo. Ukifungua skrubu, nyanyua daraja polepole, maana chini yake kuna waya mwembamba wa ethi. Usiukate. Libane daraja kwenye jiliwa, weka tone la mafuta, tumia kekee ya chuma iliyozidi uzi kidogo tu. Kwa uzi wa 130 milimita 3.5 inatosha. Ukimaliza, sugua kingo za tundu kwa tupa ndogo ya mviringo hadi kidole kisihisi ukali wowote. Kingo kali zinakata uzi.

Hatua ya tatu: kuvalisha na kukata

Vuta uzi hadi kwenye sikio lake, uache upitilize sentimita 10 hadi 12, kisha kunja pale utakapokata. Kunja hadi uwe pembe kali, halafu ndiyo ukate nje ya kona. Ukikata bila kukunja, waya wa nje unaweza kulegea na kujizungusha kwenye ule wa ndani, na uzi wa jana ukawa na sauti ya uzi wa mwaka juzi. Ncha iingize kwenye tundu la sikio, zungusha mara mbili hadi tatu ukishuka chini, ili uzi uugandamize mfereji wa kizingiti.

Hatua ya nne: bonyeza uzi kwenye kitandiko

Hii haichukui dakika moja, na inatibu nusu ya kesi zinazoletwa kwangu. Uzi mpya mnene haukunjiki wenyewe. Unapanda juu ya kitandiko kwa upinde, kama mpanda baiskeli anayepita tuta, na sehemu ya kugusana inakuwa haijulikani ni wapi. Matokeo yake ni mlio wa nyuki, na sauti isiyotulia. Kaza nyuzi hadi sauti yake, weka dole gumba sentimita moja mbele ya kitandiko, bonyeza chini kwa nguvu ya kawaida. Utauona uzi unakunjika na kulala. Fanya hivyo na mbele ya kizingiti. Kisha tyuni tena, maana utakuwa umelegea. Usikipinde kitandiko, bonyeza uzi.

Hatua ya tano: nyuzi zikae katikati ya shingo

Angalia freti ya mwisho. Nafasi kati ya E na ukingo wa shingo ilingane na nafasi ya G na ukingo wake. Ikiwa G imebaki pembezoni, usikimbilie kuhamisha daraja. Legeza kidogo skrubu nne za nyuma ya shingo, robo mzunguko tu, vuta shingo kwa mkono upande unaohitajika, kaza tena. Mara nyingi shingo ilihama tu kwa kugongwa kwenye daladala. Kama vitandiko ni mviringo na laini, uzi unateleza wenyewe: chora mfereji mdogo kwa tupa, usizidi nusu ya unene wa uzi. Umbali wa kawaida kati ya nyuzi kwenye daraja la besi ya nyuzi nne ni karibu milimita 19. Ukinunua daraja jipya lenye nafasi tofauti, nyuzi hazitapita juu ya sumaku za pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, na utasikia nyingine zina sauti ndogo.

Hatua ya sita: kimo, kisha ulinganifu wa sauti

Fuata mpangilio huu: nyuzi mpya, unyoofu wa shingo, kimo, ndipo ulinganifu. Kimo, yaani nafasi kati ya freti na uzi, cha milimita 2 hadi 2.5 kwenye freti ya 12 ni pazuri pa kuanzia. Kila kitandiko kina skrubu mbili za kimo, hakikisha kinakaa sawa, hakijaegama.

Sasa ulinganifu: gusa uzi wa wazi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, usikie ile sauti ya kengele, kisha bonyeza freti hiyo hiyo. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kitandiko nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kwanza ndipo ugeuze skrubu inayosogeza kitandiko, vinginevyo unakula meno yake. Na kama unatumia simu kutyuni: E ya wazi ni mitetemo 41 kwa sekunde, simu nyingi zinahangaika kuisikia. Pigia kengele ya freti ya 12, itashika haraka.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Njombe: Mkuu shikamoo. Kila ikifika Juni baridi ikikaza besi yangu inaanza kukwaruza freti. Nimekuwa nikipandisha vitandiko kila mwaka. Nifanyeje?

Marahaba. Daraja unalisingizia. Mbao zinapokea na kutoa unyevu, na huku kwetu kati ya masika na kiangazi tofauti ni kubwa, kwa hiyo shingo inajipinda. Bonyeza uzi wa E freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, tazama freti ya 7 au 8. Panatakiwa pawe na upenyo wa kama unene wa kadi ya biashara, milimita 0.3 hadi 0.4. Ukikuta hakuna upenyo, legeza ile nondo ya ndani ya shingo robo mzunguko, subiri hadi kesho yake, pima tena. Ikigoma kugeuka, acha. Nondo ikikatika gharama yake ni karibu besi nyingine.

Kutoka Tukuyu: Fundi, mimi ni dada ninayepiga besi kwaya ya vijana. Kitandiko cha E nimekirudisha hadi mwisho, springi imebanana, bado sauti ya freti ya 12 iko juu. Daraja nililipanga vibaya?

Dada yangu, nyuzi zina muda gani? Kwa mvua za Tukuyu nyuzi zinakula kutu upesi, na uzi uliochakaa haulinganishiki. Kama ni mpya, rudia hatua ya nne, kisha shusha kimo, maana uzi ulio juu sana unavutika ukiubonyeza na sauti inapanda. Ikibaki kidogo tu, toa ile springi, ikate nusu, rudishia. Utapata milimita kadhaa za ziada.

Kutoka Mafinga: Mimi nimepima kila kitu, daraja lenyewe lilifungwa upande tangu mwanzo. Naweza kuziba matundu ya zamani kwa vijiti vya msindano?

Najua Sao Hill iko mlangoni kwako na msindano unaupata bure, lakini kwa kazi hii ni laini mno, skrubu itatafuna tundu. Tafuta kipande cha mninga, chonga vijiti, tia gundi ya mbao, gonga taratibu, acha usiku mzima. Kabla ya kutoboa upya, weka kitandiko cha G karibu na mwisho wake wa mbele, kiwe kwenye milimita 864 kutoka kizingiti kama besi yako ni ya inchi 34, ili vyote viwe na nafasi ya kurudi nyuma. Tandaza uzi wa cherehani kutoka masikio ya E na G hadi kwenye daraja, uone kama njia iko sawa.

Kutoka Iringa, Kihesa: Nyuzi ni ghali. Kuna jamaa anatumia waya wa breki za bodaboda kama E. Ushauri?

Nimewahi kuziona, na nampongeza kwa moyo wake. Ila ule waya ni nyuzi nyingi zilizosokotwa kwa ajili ya kuvuta, uzito wake haulingani na uzi wa gitaa, haukai kwenye sauti, na unazitafuna freti. Bora uchemshe nyuzi zako za zamani kwenye maji safi dakika chache, uzifute, uzianike zikauke kabisa. Sauti inarudi kwa wiki kadhaa. Ukiona zimeanza kuchubuka, basi.

Kutoka Uyole: Mkuu nimebadilisha daraja mwenyewe kama ulivyoelekeza, nyuzi zimekaa vizuri. Ila sasa spika inavuma, na nikishika nyuzi mvumo haubadiliki. Zamani nikishika ulikuwa unakata.

Waya wa ethi umebaki nje. Legeza nyuzi, fungua daraja, utaukuta umelala pembeni au umekatika. Kwangua ncha yake ing'ae, kwangua na rangi chini ya daraja kama ipo, uulaze hapo katikati, funga. Kabla ya kuchomeka tena, mwambie mtu wa umeme akague soketi ya hapo mnapopigia. Nyuzi zako sasa zimeungana na ampu, na soketi isiyo na ethi inaweza kukurusha ukigusa maiki.

Kutoka Uyole: Nimeukuta, ulikuwa chini ya skrubu ya nyuma. Mvumo umekata. Soketi kesho.