Kujenga Corolla ya mbio nyumbani Mwanza: bodi kwanza, injini baadaye

Kati ya magari ya Kijapani yanayopatikana Mwanza kwa bei ya mtu wa kawaida, Corolla AE110 na AE111 ndiyo yanayofaa zaidi kugeuzwa kuwa magari ya mbio za vumbi. AE110 huja na injini ya 5A-FE, cc 1,498. AE111 huja na 4A-FE, cc 1,587. Bodi yake ni nyepesi, rimu ni za tundu nne, na vipuri vipo vipya na vya mtumba. Tafuta AE111 ya manyuo, yaani ya gia za kubadili kwa mkono. Ukiikosa, AE110 inatosha. Tofauti ya cc 89 haikupi ushindi wala haikunyimi.

Wengi huanza na injini, na hapo ndipo pesa inapopotelea. Huku kwetu gari la mbio huuawa na vitu vitatu kabla hata nguvu ya injini haijahusika: bodi kupasuka, injini kuchemsha, na vumbi kuingia kwenye silinda. Kazi ipangwe kwa kufuata hatari hizo.

Kabla ya kulipa

Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, bisibisi bapa na geji ya kompresheni, ile inayopima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Pitisha sumaku chini ya milango, kwenye matao ya matairi ya nyuma na pembeni mwa sakafu. Inapokataa kushika, chini ya rangi kuna pati ya kuzibia mashimo, na chini ya pati mara nyingi kuna kutu. Inua kapeti miguuni kwa dereva, bonyeza bati kwa bisibisi. Sakafu iliyooza inatibika. Kisichostahili pesa yako ni gari lenye vikombe vya shokapu vilivyooza au vyenye nyufa kuzunguka nati tatu za juu, kwa sababu uzito wote wa kurukaruka unaishia pale.

Kisha pima kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote nne nje, soketi za distributa na nozeli zimechomolewa, pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Kitabu cha 4A-FE kinataka psi 191, kiwango cha chini psi 142, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Lakini namba hizo ni za usawa wa bahari. Mwanza iko juu kiasi cha mita 1,140, na presha ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 13. Injini nzima kabisa itaonyesha psi 165 hivi, kwa hiyo usiikatae. Cha kuangalia ni kupishana. Silinda moja ikiwa chini sana, mwagia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi zimeisha. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi, na zikiwa chini silinda mbili zilizopakana, mshuku gasketi kwanza.

Kuvua na kuchomelea

Vua viti, kapeti, vitambaa vya milango na dari. Kila soketi ya waya unayoichomoa ibandike utepe wa karatasi wenye jina, na bolti za kila sehemu ziwe na mfuko wake. Lami ya kuzuia kelele iliyo sakafuni hutoka kwa patasi butu ukiipasha moto kidogo. Usiipashe hadi itoe moshi mzito. Nyaya za taa, honi na waipa ziache. Kukata nyaya ovyo kwa ajili ya kupunguza nusu kilo huzaa hitilafu utakayoitafuta wiki nzima.

Kabla cheche ya kwanza haijaruka, toa betri, chomoa kompyuta ya injini, na shusha tangi la mafuta ulipeleke mbali na gari. Tangi lililobaki na mvuke tu ni la hatari kuliko lililojaa.

Kutu ikatwe hadi bati safi linalong'aa. Kiraka kiwe bati la milimita 1. Shika pembe nne kwanza, halafu rukia upande huu na upande ule, ukiacha bati lipoe kila mara. Ukichomelea mstari mmoja kwa mkupuo, bati litajikunja na mlango hautafunga tena. Tumia mashine ya waya na gesi, waya wa milimita 0.8. Mashine ya vijiti hutoboa bati hili jembamba, na mafundi wengi wa mageti wanayo hiyo tu, kwa hiyo uliza kabla hujapeleka gari. Baada ya hapo paka praima yenye zinki, kisha ziba maungio. Hewa ya ziwani ina unyevu, na bati tupu lililoachwa usiku mmoja huamka na wekundu.

Kuimarisha bodi ndiko kunakotenganisha gari la mbio na gari lililovuliwa viti. Kwenye maungio ya vikombe vya shokapu, nguzo za milango na mapaja ya mbele, weka mishono ya milimita 25, acha nafasi ya milimita 50, endelea. Usishone mfululizo, maana joto huvuta bodi nzima na ufa huanzia mwisho wa mshono mrefu. Juu ya kila kikombe cha shokapu ongeza bamba la milimita 2 lililokatwa kufuata umbo lake. Safari Rally ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Datsun zilizoishinda mwaka 1970, 1971 na 1973 zilisifika kwa uimara kwenye njia mbovu. Somo hilo halijazeeka.

Roli keji, yaani fremu ya mabomba inayomlinda dereva gari likipinduka, haina mjadala. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, Kiambatisho J, ibara ya 253, zinataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi. Tao kuu liwe la kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine yawe 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Kila mguu unakaa juu ya bamba la unene wa milimita 3 lenye eneo lisilopungua sentimita 120 za mraba. Bomba la maji la dukani lina mshono unaoachia pale hasa linapogongwa, na zinki yake ikichomelewa hutoa moshi wenye sumu. Bomba likibonyea wakati wa kupindwa, litupe. Mikanda ya mabega ishuke kutoka mgongo wa kiti kwenda nyuma kwa nyuzi 10 hadi 45. Ikishuka kwa mwinuko mkali zaidi ya hapo, gari likigonga itakandamiza uti wa mgongo. Mtungi wa kuzimia moto, kilo 2 za poda, ufungwe kwa bolti mahali ambapo mkono wa dereva unaufikia akiwa amefunga mkanda.

Shokapu na breki

Kushusha gari ni urembo wa lami. Kwa njia za Misungwi na Magu, inua milimita 20 hadi 30 tu, kwa springi ngumu zaidi na shokapu zinazolingana nazo. Ukizidisha, pembe ya drive shafti inakuwa kali na jointi ya ndani hufa mapema. Badilisha bushi zote za mikono ya chini, boli jointi na tairodi hata kama zinaonekana nzima, kwa sababu bushi laini hufanya vipimo vyote vya magurudumu kuwa uongo. Kamba ya mbele (camber, mlalo wa gurudumu) iwe nyuzi 1.5 hasi, yaani juu ya gurudumu lilalie ndani, na magurudumu yaelekee mbele sawasawa.

Chini ya injini weka sampu gadi. Bamba la chuma la milimita 3 lina uzito wa kilo 23.5 kwa mita ya mraba, na la aluminiamu la milimita 6 lina kilo 16 tu. Kama pesa ipo, chukua aluminiamu. Toboa tundu la kumwagia oili, na acha upenyo nyuma ili joto litoke. Bamba lililoziba kila upande hugeuza chumba cha injini kuwa tanuri.

Breki hazihitaji vifaa vya gharama mwanzoni. Zinahitaji usafi. Badilisha kwanza mipira ya pampu kuu ya breki na mabomba ya mpira yaliyovimba, kisha mafuta yote ya breki yawe ya daraja la DOT 4, ambayo yakiwa mapya huanza kuchemka si chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 155, na hapo ndipo pedeli inazama ukiwa mwisho wa mteremko. Chupa iliyokaa imefunguliwa tangu masika iliyopita usiitie. Toa upepo kuanzia gurudumu la mbali, yaani nyuma kushoto. Pedi mpya zizoeshwe: shuka kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa mara kumi bila kusimama kabisa, halafu endesha polepole zipoe. Usivute breki ya mkono zikiwa za moto.

Maji na vumbi

Kwenye mwinuko wetu maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96. Kinachookoa injini ni mfuniko wa rejeta wa 0.9, unaopandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 116. Mfuniko wenye mpira uliokauka ni kipuri cha bei ndogo kinachoua silinda hedi ya bei kubwa, kwa hiyo nunua mpya bila kusubiri.

Mafundi wengi hutoa themostati wakiamini gari litapoa. Kwenye injini hizi themostati hufunga pia njia ya mkato, kwa hiyo ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Weka mpya ya nyuzi 82. Tumia kulanti, dawa ya rejeta, nusu kwa nusu na maji safi. Rejeta ioshwe kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili mbegu za nyasi na wadudu wa ziwani watoke walikoingilia.

Sasa vumbi, ambalo tungeandika kurasa kumi juu yake kama zingehitajika. Udongo ulio chini ya vilima vyetu vya mawe, ambao Wasukuma huuita luseni, ni mchanga uliomeguka kutoka kwenye granaiti, na chembe zake za kwatsi ni ngumu kuliko ukuta wa silinda. Chembe ikipita filta, hukwama kati ya ringi na silinda na kusaga kama msasa. Gari linaanza kula oili baada ya mashindano mawili matatu, na mwenye gari analaumu oili.

Boksi la filta la kiwandani libakie. Filta ya wazi iliyowekwa juu ya injini huvuta hewa ya nyuzi 60 wakati ya nje ni 30, na hewa hiyo ina uzito pungufu kwa asilimia 9. Ukijumlisha na mwinuko wa Mwanza, umejinyima zaidi ya sehemu ya tano ya hewa kwa kifaa ulichokinunua ili upate nguvu. Pitisha bomba la kuvutia hewa hadi nyuma ya taa, juu iwezekanavyo. Mpira unaounganisha boksi na mlango wa hewa ukague ndani ya mikunjo, maana nyufa hujificha pale.

Jaribio la kuhakikisha ni hili. Vua mpira huo, paka grisi safi nyembamba kwa kidole ukutani mwake, upande wa baada ya filta. Funga, endesha kwenye vumbi kilomita 20, fungua. Sugua grisi kati ya kidole gumba na cha shahada karibu na sikio. Ikiwa laini, filta inafanya kazi. Ukisikia mkwaruzo hata kidogo, kuna pa kupitia, na gari lisiingie mashindanoni mpaka upaone.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiharakie injini ya 4A-GE ya valvu 20 hata ukipewa kwa bei nzuri. Ni injini tamu, ile yenye mfuniko mweusi ilitoka kiwandani na nguvu farasi 165, lakini koo zake nne za kuvutia hewa, moja kwa kila silinda, hazina maana bila boksi kubwa lililofungwa vizuri. Na ukibadili injini, namba mpya iingie kwenye kadi ya gari.

Injini uliyonayo

Taimingi belti, wota pampu, sili za mbele na plagi zibadilishwe kwa pamoja. Valvu zipimwe injini ikiwa ya baridi: za kuingiza milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa 0.25 hadi 0.35. Valvu ya kutoa iliyobana hufunguka kidogo muda wote na kuungua. Mimina oili lita 3, washa, zima, subiri dakika tano, ongeza hadi alama ya F kwenye kijiti cha kupimia. Usikimbize gari likiwa chini ya F, kwani kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja na pampu huvuta hewa.

Taimingi ya cheche za plagi: injini ikiwa imepata moto, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya kwenye kiboksi cha ukaguzi, legeza distributa, weka nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu. Hewa yetu nyepesi inaruhusu 12 au 13. Panda kilima kwa gia ya 3 huku ukikanyaga kwa nguvu. Ukisikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo, rudisha nyuzi mbili. Toa waya ukimaliza, la sivyo kompyuta haitasogeza taimingi.

Majaribio yafanyike kwenye shamba lenye ruhusa ya mwenyewe, watoto na mifugo wakiwa mbali, kamwe si Barabara ya Nyerere wala ya uwanja wa ndege. Kabla ya kutoka, piga mstari wa rangi nyeupe juu ya kila nati muhimu na bati iliyokalia: vikombe, mikono ya chini, kalipa, fremu ya injini. Baada ya kilomita 50 za kwanza lala chini na tochi. Mstari uliovunjika unakuonyesha nati iliyozunguka. Nati za magurudumu zikaze upya kwa spana ya toki, Nm 103, matairi yakiwa yamepoa.