Jinsi ya kusoma rekodi ya bondia wa uzito wa juu bila kudanganywa na namba

Kila likitangazwa pambano la uzito wa juu watu wanaanza kurushiana namba, huyu 30 kwa 0 (yani kashinda 30, hajapigwa hata mara moja), yule kashapigwa mara tatu kwahiyo kwisha habari yake. Tulieni kwanza. Kwenye uzito huu, yani kuanzia pauni 200 (kilo 91 hivi) kwenda juu, ngumi moja inazima mtu yeyote. Mike Tyson alienda Tokyo mwezi wa pili 1990 akiwa 37 kwa 0, Buster Douglas akamlaza raundi ya 10. Kama ulisoma namba tu siku ile hela yako ilienda.

Kwahiyo fungua BoxRec, ile tovuti inayoweka rekodi za mabondia, lakini usisome jina la bondia wako, bonyeza majina ya wapinzani wake mmoja mmoja uone na wao walikuwa wanashinda au walikuwa wamepoteza matano mfululizo kabla ya kukutana nae. Mwanzoni kila chipukizi anapangiwa watu wa kupigwa, ndo biashara ya ngumi za kulipwa ilivyo, hakuna haja ya kulalamika. Shaka ianze pale anapofika pambano la 25 bado analetewa haohao. Deontay Wilder alisemwa sana kwa hili, alifika 32 kwa 0 zote KO (yani kwa kuwazima, sio kwa pointi) ndo akapewa Bermane Stiverne, januari 2015, akachukua mkanda wa WBC, moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia, kwa pointi. Ngumi ilikuwa ya kweli, ila mapengo ya ufundi yalikuja kuonekana baadae sana.

Sasa hapa ndo watu wengi wanakosea, kwenye kusoma kipigo. Angalia ALIVYOPIGWA. Lennox Lewis mwaka 2001 alilambwa ngumi moja na Hasim Rahman kule Afrika Kusini, raundi ya 5, chini, na miezi saba baadae wakarudiana Lewis akamlaza raundi ya 4. Kipigo cha ngumi moja mtu anaweza kuamka nacho kesho yake akaendelea na kazi. Kipigo cha kutwangwa taratibu raundi baada ya raundi ni kingine kabisa, hicho kinaondoka na kitu. Wilder alipigwa na Tyson Fury 2020 raundi 7, wakarudiana tena 2021 akachapwa mpaka raundi ya 11, baada ya hapo alimzima Robert Helenius fasta watu wakasema karudi, halafu Joseph Parker akamshinda kirahisi kwa pointi, Zhilei Zhang akammaliza. Ukimwangalia alikuwa hatupi tena ule mkono wa kulia kama zamani.

Swali linalofata: baada ya kupigwa kabadilisha nini? Wladimir Klitschko alizimwa na Corrie Sanders 2003, akazimwa na Lamon Brewster 2004, dunia nzima ikasema kidevu chake ni kioo. Yeye akabaki na kocha Emanuel Steward, akajifunza kumweka mtu mbali na mkono wa kushoto na kumkumbatia akisogea, akachukua mkanda 2006 akakaa nao mpaka Fury alipomshinda 2015. Ilikuwa inachosha kutazama kwa kweli, lakini ilifanya kazi.

Mizani nayo usiipuuze. Andy Ruiz alimwangusha Anthony Joshua juni 2019 akiwa pauni 268, kwenye marudiano desemba akaja na 283, Joshua akaja mwepesi zaidi, akacheza kwa akili akachukua mikanda yake. Ukiona bingwa mpya kaongezeka hivyo ujue kambi ya mazoezi haikuwa kambi.

Mapumziko marefu? Inategemea. George Foreman alikaa miaka kumi nje, 1977 mpaka 1987, akarudi akipiga watu wepesi wengi tu, na bado 1994 akiwa na miaka 45 alimlaza Michael Moorer raundi ya 10 huku anaongozwa kwa pointi. Usitegemee kumpata mwingine kama huyo.

Mwisho kabla hujaweka mzigo wako, tafuta video za mapambano yake mawili ya karibuni, ruka mpaka raundi ya 7 na ya 8, zima sauti ya watangazaji, halafu angalia miguu tu.