Kampala hadi Mbarara kwa siku moja: vituo vya kushukia

Abiria wa basi humaliza kilomita 270 hivi za njia hii wakisinzia. Mwenye gari lake afanye hivi.

1. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla foleni ya Busega haijashikana. Beba noti ndogondogo.

2. Simama Mpambire, karibu na Mpigi, kwa mafundi wa ngoma. Salimia kwanza, kamera baadaye. Ngozi ya ng'ombe huwambwa ikiwa mbichi, ikikauka inajikaza yenyewe. Ukinunua, nusa kabla ya kupiga: isiyokauka vizuri itakunukia garini hadi jioni.

3. Kayabwe ndipo ilipo ikweta, na zile duara mbili nyeupe ambazo kila mtu hupigia picha. Vijana watakuonyesha beseni tatu: maji yanazunguka huku upande huu, kule upande mwingine, na katikati ya mstari yanashuka wima. Walipe, wanachekesha. Ila tazama mkono unaomimina, maana hapo ndipo mzunguko unapoanzia. Nguvu ya dunia kujizungusha hugeuza vimbunga. Kwa beseni, hatua chache kutoka mstarini, haina ubavu. Mwombe kijana ayaache maji yatulie kabisa kabla ya kuzibua, uone kama atakubali.

4. Mbele kuna bwawa la mafunjo, kisha Lukaya. Wasafiri kutoka Tanzania, punguzeni mwendo: Machi 1979 wanajeshi wenu walipigana hapa na majeshi ya Amin na Walibya waliokuja kumsaidia, wakawarudisha nyuma. Leo vita ni ya kuku. Wauzaji watajaa dirishani na vijiti vya kuku na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Usinunue kwa anayekimbia. Shuka, uchague kilicho jikoni bado kinachuruza mafuta. Msimu wa mvua uliza hali ya barabara mapema, kwani Mei 2023 mto Katonga uliikata na magari yakazungushwa mbali.

5. Masaka pita tu.

6. Biharwe, karibu na Mbarara, pana mnara wa kupatwa kwa jua. Wanasimulia kwamba mwaka 1520 jeshi la ufalme wa Bunyoro lilikuwa likirudi na ng'ombe wa mateka, giza likaingia mchana, askari wakakimbia na kuacha mifugo yote. Makumbusho ya Igongo yako jirani.

7. Lala Mbarara. Usiku malori yasiyo na taa ni mengi.