Pingu tatu za kwanza: unaanzaje kuzikata ukiwa umekaa chini ya mkorosho

Wadau, mnaniuliza sana sotapana ndo nini, ngoja niandike hapa mara moja. Kwenye Ubudha akili imefungwa pingu 10, ukikata 3 za mwanzo umeingia kwenye mkondo (kama wa mto), ndo sotapana, hatua ya kwanza ya kuamka hiyo, na wanafundisha kwamba mtu huyo hazaliwi tena zaidi ya mara 7. Mimi sijafika, nafanya mazoezi tu huku Mikindani.

Hatua ya 1: kaa. Mkeka, alfajiri jua halijachoma, simu silenti, fuata pumzi dakika 20. Basi.

Hatua ya 2, hapa ndo kwenye kazi. Pingu ya kwanza ni kuamini humo ndani kuna "mimi", mwenye nyumba wa kudumu. Usibishane naye, mtafute. Buddha alimchambua mtu mafungu matano: mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya akili na fahamu. Siku niliyouza korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya mfumo rasmi, nikapunjwa (kosa langu, najua hairuhusiwi) nilikaa kifua kinawaka nikasema haya, aliyekasirika yuko wapi? Kifua ni mwili, ule moto ni hisia, "kaniona mjinga" ni wazo limejijia lenyewe wala sikuliita, nikapekua weee, hasira nimeikuta, mwenye hasira sijamkuta. Rudia hivyo kila siku, kwenye hasira hata kwenye furaha, maana kuona mara moja siyo kukata.

Hatua ya 3, pingu ya pili: shaka. Kuuliza ruksa, ila kuna shaka ya kuzunguka tu, leo njia hii kesho ile, video mpaka usiku wa manane na kukaa hukai. Chukua zoezi moja ulijaribu mwezi mzima kwanza.

Hatua ya 4, pingu ya tatu: kung'ang'ania desturi na nadhiri ukidhani zenyewe zitakufungua. Mimi nilikuwa nachoma udi kila nikikaa, siku udi umeisha nikaahirisha kukaa! Choma ukipenda, lakini kaa hata udi usipokuwepo.

Na usishangae tamaa na chuki bado zipo, hizo ni pingu ya 4 na ya 5, kwenye hatua ya pili ya kuamka zinalegea tu, zinakatika ya tatu. Yule jamaa wa kangomba nikimwona kwa mbali bado nageuza baiskeli.