Zima sauti ya kanda, rekodi ya nyanya
Kama nyumbani bado kuna kanda za video za VHS za harusi na matanga, usiishie kuzihamishia kwenye kompyuta. Mketishe nyanya au babu mbele ya televisheni, zima sauti, weka simu karibu naye ikirekodi, kisha umwache aongee. Tumefanya hivyo hapa Kisumu na kanda ya harusi ya shangazi. Picha humkumbusha majina ambayo ukimuuliza hivi hivi hayapati: nani alibeba keki, yule wa suti ya kahawia ni mkwe wa wapi, ng'ombe wale walitoka boma gani. Mwombe ataje na mahali mtu aliposimama, "wa pili kushoto", la sivyo baadaye hutajua alimaanisha nani. Ukoo mzima ukijaa sebuleni haifaulu. Watu hubishana na sauti yake inapotea. Na kabla ya yote chungulia kidirisha cha kanda. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, huenda ni kuvu, na unyevu wa huku ziwani huichochea. Usiitie kanda hiyo kwenye deki, ile mashine ya kuichezea, itachafua vichwa vya deki vinavyosoma utepe na kuambukiza kanda nyingine. Mpelekee kwanza fundi aisafishe.