Ukitoka kaunta, usiwashe TV kwanza

Mimi ni keshia wa supamaketi huku Mikocheni, mwaka wa tisa sasa. Binti wa mamdogo naye kaanza kazi hii hii wiki iliyopita, duka lingine. Juzi kanipigia saa nne usiku: "Dada, nikifumba macho nasikia tii, tii, tii." Ni mlio wa mashine ikisoma bakodi. Nikamwambia aniazime masikio, maana dawa inaanzia asubuhi.

Kabla hujakaa kwenye kaunta, hesabu chenji uliyopewa mbele ya aliyekupa, hata kama atanuna. Asubuhi watu wanakuja na noti ya elfu kumi kununua mkate. Sarafu za mia na mia mbili zikikwisha saa tatu, siku nzima utashinda ukiomba radhi. Mimi huwahi kuuliza: "Mama, huna mia mbili nikupe elfu nzima?" Wengi wanazo, zimelala chini ya pochi. Pipi badala ya chenji usimpe mtu kabla hujamuuliza. Wapo watakaokukumbuka kwa pipi ile mwaka mzima.

Malipo ya simu ndiyo yaliyoniliza. Kijana alininyooshea simu yake, meseji ipo, kiasi kipo, foleni nyuma yake inasonya. Nikampa mfuko wake akaenda. Jioni kufunga mahesabu, shoti ya shilingi 18,500, na ikakatwa kwenye mshahara wangu. Tangu hapo siangalii simu ya mteja. Pesa ionekane upande wetu, ndipo mzigo utoke. Foleni isonye tu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nayo mpe, hata akisema haitaki.

Rafuni, mzigo wa zamani mbele, mpya nyuma. Hilo utalizoea siku mbili.

Miguu haizoei. Nunua kiatu kinachopwaya kidogo asubuhi, kwa sababu kufika saa kumi jioni kitakuwa kimekutosha. Weka kreti tupu chini ya kaunta, uwe unapandisha mguu mmoja kwa zamu. Ukitoka usigombanie daladala katikati ya njia. Mimi narudi nyuma hadi kituo cha Makumbusho, au nageuza na gari kabisa, nalipa nauli mara mbili lakini nafika Tabata nimekaa. Ndugu zangu wananiita mbadhirifu. Wao wanafanya kazi za kukaa.

Sasa nyumbani. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanafika, wanabonyeza rimoti. Siku nzima umetazama nyuso za watu wanaokusemesha, halafu unajiwekea nyuso nyingine zinazokusemesha! Kichwa hakijui kwamba hao si wateja. Anza na muziki, tena wa zamani, tena gizani kidogo.

Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, chumvi gao moja, miguu ndani. Simu iweke kwenye bakuli kavu la udongo au la kauri ili sauti ijae. Usitumie sufuria, inafanya tarumbeta zilie kama mabati. Kisha weka Msondo au Sikinde, bendi zetu za dansi. Bendi iliyoitwa NUTA Jazz, hii tunayoiita Msondo leo, ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa mshahara. Mimi hilo hunifariji: yule anayepuliza saksafoni naye alikuwa na bosi. Sikinde, yaani Mlimani Park, walianza 1978, na marehemu Muhiddin Gurumo aliimba kote kote, kwa hiyo ugomvi wa nani zaidi waachie wanaume wa kijiweni.

Namna ya kusikiliza ni hii. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza inakwenda polepole, mtu anasimulia yaliyomkuta: ndoa, deni, mke wa rafiki. Ya pili ni chemko, magitaa yanajibizana na watu wanainuka vitini. Usirukie chemko. Ile ya polepole shika chombo kimoja tu ukifuate, mimi nafuata gitaa la besi. Likipotea litafute. Ukifika kwenye chemko utagundua ule mlio wa bakodi huusikii tena, sikio limepata kazi nyingine.

Baada ya nyimbo tatu, haya, washa TV. Mimi natafuta vipande vya zamani vya Kaole, lile kundi la maigizo, kwenye simu nikiviunganisha na TV. Tulivitazama ITV kwa jirani, TV ya chogo, watoto kumi na wawili kwenye mkeka mmoja, na ukikohoa unatolewa nje. Marehemu Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, alitokea humo humo. Mume wangu ni mtu wa Unguja, na kila nikianza kusimulia ananikatisha: wao walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, sisi Bara tukasubiri mpaka 1994. Namwachia ushindi wake, kisha namwomba amwage maji ya beseni.

Kipande kimoja tu. Cha pili kinakuingiza saa sita, na asubuhi ile elfu kumi ya mkate inakungoja.

Jana binti wa mamdogo kanipigia tena. "Dada, nimeweka huo wimbo wako. Mbona dakika ya nne bado anasimulia tu, chemko liko wapi?"

Nikamuuliza kama miguu iko kwenye maji.

"Ipo."

"Basi una haraka ya kwenda wapi?"