Maua ya Msimu wa Baridi: Kwanza Uliza Yatalala Wapi

Poinsetia inayonunuliwa mwanzoni mwa Desemba na kubaki vijiti vitupu kabla ya Mwaka Mpya mara nyingi haikuharibikia nyumbani. Ilipigwa na baridi njiani, kati ya mlango wa duka na mlango wa gari. Asili yake ni Mexico, na joto likishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi huumia hata kwa muda mfupi. Madhara hayaonekani siku hiyo. Majani hulegea na kupukutika siku kadhaa baadaye, mwenye nayo akadhani ina kiu, akaimwagia maji, na mizizi iliyokwisha kudhoofika ikaoza. Hapo kuna makosa mawili, na la pili limezaliwa na la kwanza.

Karibu maua yote ya chungu yanayouzwa msimu huu yamelelewa kwenye kitalu nyumba chenye ubaridi wa kadiri, hewa yenye unyevu na usiku mrefu. Nyumba wakati wa likizo ni kinyume chake: hita inawaka kutwa, hewa imekauka, taa hazizimwi hadi usiku wa manane, na jua la dirishani ni hafifu. Katika mwanga hafifu mmea hukua polepole na kunywa kidogo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ua linywe maji kiasi gani, uliza litalala wapi. Chumba chenye ubaridi kidogo usiku hurefusha maisha ya ua kuliko mbolea yoyote.

Poinsetia, tangu dukani

Ile sehemu nyekundu si ua. Ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni vile vikombe vidogo vya manjano na kijani vilivyojikusanya katikati. Unaponunua, tazama hapo kwanza: vikiwa bado vimefumba, au vimeanza tu kuonyesha chavua, ua lina wiki nyingi mbele yake. Vikiwa vimekwisha kudondoka, mmea ni mkongwe, hata wekundu uwe mkali namna gani. Kisha tazama chini. Majani ya kijani yafike karibu na udongo, na shina lisiwe tupu. Tikisa mmea kidogo. Vikiruka vidudu vyeupe mithili ya vumbi, hao ni nzi weupe, na watahamia kwenye mimea yako mingine.

Baridi ikiwa kali nje, taka mmea ufungwe kwa karatasi au plastiki mpaka juu ya majani. Washa hita ya gari kabla ya kuutoa dukani, na usiuweke kwenye buti. Ukifika, fungua mara moja. Mmea ukiachwa ndani ya plastiki siku nzima, gesi ya ethilini inayotoka kwenye majani yenyewe hujikusanya, vikonyo hupinda, na majani mekundu huning'inia kama yaliyochemshwa.

Ile karatasi ya foili inayong'aa iliyofungwa kuzunguka chungu imeua poinsetia nyingi kuliko nzi weupe. Haina tundu, kwa hiyo maji yanayotoka chini ya chungu hubaki yamesimama na mizizi hukosa hewa. Itoboe, au itoe kila unapomwagilia. Ili ujue kama maji yanahitajika, chomeka kidole sentimita 2 hadi 3 udongoni, au inua chungu: chungu kikavu ni chepesi, na baada ya siku chache mkono utakuwa umejifunza tofauti. Mwagilia maji yasiyo baridi hadi yatiririke chini, subiri kama nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba poinsetia yenye kiu na poinsetia inayooza mizizi hunyauka kwa namna moja. Ukiona imenyauka na udongo bado umelowa, weka jagi chini.

Mchana nyuzi 18 hadi 21 zinaitosha, usiku 15 hadi 18. Iweke karibu na dirisha lenye mwanga, lakini majani yasiguse kioo, wala isiwe mbele ya hita au kwenye upepo wa mlango unaofunguliwa kila mara. Mbolea haihitajiki ikiwa imechanua.

Kuhusu sumu, sifa yake mbaya imetiwa chumvi. Utomvu mweupe huwasha ngozi, na mnyama akitafuna majani anaweza kutapika, lakini si mmea wa kuua familia. Wenye mzio wa mpira ndio wanaopaswa kuvaa glavu zisizotengenezwa kwa mpira huo huo.

Kuichanulisha tena mwaka unaofuata kunawezekana, na kunachosha. Machi au Aprili katika nchi za kaskazini, ikate ibaki na urefu wa sentimita 10 hadi 15, ihamishie kwenye chungu kipana kidogo, na uanze mbolea ya maji kila wiki mbili ikishachipua. Usiku ukishapanda juu ya nyuzi 13 inaweza kukaa nje. Punguza ncha za matawi mara mbili au tatu ili ijae, mara ya mwisho mwishoni mwa Agosti, si zaidi. Kazi kubwa huanza mwanzoni mwa Oktoba: kila siku, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi, iwe kwenye giza totoro, ndani ya kabati au chini ya boksi, kwa wiki 8 hadi 10. Mchana irudi kwenye mwanga mwingi. Mmea huu hupima urefu wa giza lisilokatizwa. Taa ya barabarani inayopenya pazia, au mtu anayewasha taa kutafuta koti, inatosha kuchelewesha rangi. Asiye na nafasi ya kuhangaika na boksi kila jioni asione haya kuupeleka mmea kwenye mboji na kununua mwingine.

Amarilisi na tunguu lake

Amarilisi ya chungu si amarilisi halisi. Ile halisi hutoka Afrika Kusini. Hii ya sikukuu ni Hippeastrum, ya Amerika ya Kusini. Jina limeshazoeleka na halina madhara, ila ukisoma maelekezo ya kilimo hakikisha yanahusu hii ya pili, maana majira ya kupumzika hayafanani.

Chagua tunguu kubwa, gumu, zito, lisilo na madoa mororo. Ukubwa hupimwa kwa mzingo. Tunguu la sentimita 34 au zaidi mara nyingi hutoa mabua mawili au matatu, na kila bua maua manne hivi. Chungu kiwe kizito na chenye tundu, na nafasi kati ya tunguu na ukingo isizidi sentimita 2 au 3. Chungu kikubwa hushikilia maji mengi ambayo mizizi michache haiwezi kuyatumia. Panda theluthi moja ya tunguu, hata nusu, ikiwa juu ya udongo. Ukilizika lote, shingo huoza. Mwagilia vizuri mara moja, kisha karibu usimwagilie tena mpaka ncha ya kijani itokeze. Likiwekwa kwenye nyuzi 21 huchanua baada ya wiki 6 hadi 8, hivyo anayetaka maua mwishoni mwa Desemba apande mwanzoni mwa Novemba. Zungusha chungu robo mzunguko kila baada ya siku mbili tatu, la sivyo bua litalalia upande wa dirisha, na kwa uzito wa maua litaangusha chungu. Fimbo nyembamba ichomekwe mapema, pembeni mwa tunguu, isilitoboe.

Ua la kwanza likianza kufunguka, hamishia chungu mahali penye nyuzi 15 hadi 18 pasipo jua la moja kwa moja. Ondoa vifuko vya chavua kwa vidole kabla havijapasuka. Ua litadumu zaidi na kitambaa cha meza hakitapata madoa.

Kosa la kawaida huja baadaye. Maua yakinyauka, watu hukata kila kitu. Kata bua tu, sentimita 3 hivi juu ya tunguu, na uyaache majani yote. Hayo ndiyo yanayojaza tena akiba. Yape jua na mbolea ya maji kila wiki mbili hadi Agosti, kisha acha kumwagilia, majani yakauke, na tunguu lilale kavu kwenye nyuzi 10 hadi 13 kwa wiki 8 hadi 10. Pasiwe na matunda yanayoiva karibu, hasa tufaha. Ethilini yake huweza kuua tumba changa lililojificha ndani. Tunguu likitoa majani bila bua, kwa kawaida halikula vya kutosha majira ya joto. Lile lililochovywa kwenye nta ni habari nyingine: kwa kawaida kitako chake kimekatwa, hivyo haliwezi kuota mizizi. Lifurahie na ulitupe. Tunguu la amarilisi, vilevile, lina sumu kwa mbwa na paka, na mbwa hupenda kufukua.

Kaktasi ya Krismasi inapoangusha matumba

Jina la kaktasi huwafanya watu waukaushe mmea huu kama wa jangwani. Asili yake ni misitu ya milimani kusini-mashariki mwa Brazil, ambako huota juu ya matawi ya miti, kwenye kivuli na unyevu. Mwagilia udongo ukikauka theluthi ya juu, lakini usiuache ukauke kabisa ukiwa na matumba.

Huchanua kwa amri mbili: usiku mrefu, kama saa 13 za giza kwa wiki 6, au ubaridi wa nyuzi 10 hadi 13, ambao huweza kuufanya uchanue bila kujali taa. Chumba kikiwa moto kila usiku, juu ya nyuzi 24, hautatoa kitu. Chumba cha ziada kisichowashwa hita, chenye dirisha, ndicho mahali pake msimu wa vuli.

Malalamiko makubwa ni matumba kuanguka yakiwa yamefika ukubwa wa punje ya mahindi. Sababu ni mabadiliko ya ghafla: umehamishwa kutoka dirisha baridi hadi karibu na hita, umekosa maji siku kadhaa, au umewekwa kwenye upepo. Matumba yakishaonekana, uache hapo ulipo. Baada ya maua, nyofoa vipande vya pingili 2 au 3 kwa kuvisokota, viache siku moja au mbili kidonda kikauke, kisha vichomeke udongoni. Hushika kwa urahisi kuliko karibu mmea wowote wa ndani.

Siklameni na narsisi

Siklameni ndiyo inayoteseka zaidi sebuleni. Hutaka nyuzi 10 hadi 16. Kwenye nyuzi 22 majani hugeuka manjano upesi na watu huyamwagia maji bure. Maji yasiguse kitovu cha kiazi: kalisha chungu kwenye sahani ya maji kwa dakika 20, kisha mwaga yaliyobaki. Ua lililokwisha lishike chini kabisa mwa kikonyo, lisokote na ulivute. Kikonyo kilichobaki huoza na kuambukiza kiazi.

Narsisi nyeupe za ndani hazihitaji kulazwa kwenye baridi kabla ya kupandwa. Panga matunguu kwenye kokoto, maji yaguse kitako tu, na baada ya wiki 3 hadi 6 yatachanua. Tatizo ni urefu: hurefuka, hulegea, huanguka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba pombe kidogo kwenye maji huyafanya mabua yawe mafupi kwa theluthi hadi nusu, na maua hayapungui. Chipukizi likifika sentimita 3 hadi 5, mwaga maji, weka mchanganyiko wa kipimo 1 cha pombe kali ya asilimia 40 na vipimo 7 vya maji, na uendelee kuongezea mchanganyiko huohuo. Bia na divai hazifai, kwa sababu sukari yake huozesha mizizi.

Maua ya kukata

Hapa adui ni bakteria wanaoziba mirija ya shina. Osha chombo kwa maji yenye jiki kidogo, suuza, kisha kata kila shina sentimita 2 hadi 3 kwa kisu kikali na uliweke majini papo hapo. Pasiwe na jani hata moja chini ya maji. Usipokuwa na pakiti ya chakula cha maua, changanya kwa kila lita ya maji kijiko 1 cha chai cha sukari, kijiko 1 cha jiki na vijiko 2 vya maji ya limau. Sukari peke yake hulisha bakteria kabla ya kulisha ua. Badilisha maji na ukate mashina upya kila baada ya siku mbili.

Waridi likiinamisha shingo, hewa imeingia kwenye shina. Likate upya na ulilaze zima kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa saa moja. Mara nyingi huinuka. Narsisi zilizokatwa hutoa ute unaodhuru maua mengine, kwa hiyo ziache peke yake kwenye maji usiku kucha kabla ya kuzichanganya, na usizikate tena. Nyumba yenye paka isiingize kabisa yungiyungi aina ya Lilium: hata chavua anayoiramba kwenye manyoya inaweza kuharibu figo zake.

Usiku, hamishia chombo kwenye chumba baridi kuliko vyote, mbali na bakuli la matunda. Maua ya kanesheni na waridi huvumilia hata nyuzi 5. Anthuri na okidi nyingi hazivumilii, na chini ya nyuzi 10 hivi petali zake huanza kuonyesha madoa meusi asubuhi inayofuata.